Kwaheri ya Kingereza

Wewe unayesoma, ulishawahi kumuaga mtoto wa damu yako kwa maneno ya kuazima?

Mama Mwansa wa Kampemba alikuwa anayaazima kwa Kiki, jirani yake mwuza unga, ambaye kila wiki huvuka mpaka wa Kasumbalesa na kurudi na magunia, na Kingereza kidogo.

"Sema, mama: Goodbye."

"Gudibai."

"Hiyo njo ya kila muntu. Sasa: Take care. Ni kusema, ujichunge."

"Teki kea." Mama Mwansa alikoroga mboga ya sombe kwenye jiko la babula, makaa yakalia chini ya chungu, akalirudia neno polepole kama mtu anayeonja chumvi. "Teki kea."

"See you soon. Tutaonana karibuni."

"Hiyo hapana. Na huu umri wangu, nidanganye mutoto?"

Kiki alianza kucheka, akauona uso wa mama, akaacha.

"Na ile ya kusema roho yangu inapasuka, banasemaka namna gani?"

"Ah, mama! Bale habasemake vile. Kwabo, kulia mbele ya muntu anaenda safari iko aibu. Unacheka kidogo, unasema Have a nice day, unaachilia mukono. Bon. Njo adabu yabo."

Haya yote yalisemwa mbele ya Tracy, mjukuu mwenyewe wa kuagwa, aliyekuwa amechuchumaa hapo akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Annie, binti wa Mama Mwansa, alimzaa Johannesburg, akafia huko, akazikwa huko. Bwalya, dada wa baba wa mtoto, naye mkazi wa kule, ndiye aliyemleta kwa basi pamoja na sanduku la nguo za marehemu, ili matanga yafanyike nyumbani. Siku ya kufika, kabla hata hajavua viatu, alitangaza: "Huyu anajua Kingereza tu. Musimuchokoze." Basi nyumba nzima ikazoea kusema mbele yake kama mbele ya kiti.

Mtoto hakuwa na maneno, ila alikuwa na macho. Mama Mwansa akinung'unika peke yake, "Kale kakisu nimekaweka wapi?", kisu kilishafika mkononi mwake. "Angalia mutoto wa Annie," alikuwa anajisifu kwa majirani, "anasoma uso wa muntu kama kitabu!" Na wakati wa kulala, vidole vile vidogo vilishika pindo la kitenge cha bibi yake, kambo kama wanavyosema Kampemba, mpaka asubuhi.

Matanga yalipokwisha, kabla ya masomo haya ya Kiki, familia ilikaa uani kuamua mtoto aende na nani. Sasa usikie vizuri hapa. Kwa watu wa rika la Mama Mwansa, kitu unachokitamani sana hukidaki mara ya kwanza. Unakataa. Anayekupa anakusihi, unasitasita, anakusihi tena, ndipo unanyoosha mikono yote miwili. Ukipokea haraka, wanasema una njaa ya vya watu.

Bwalya aliuliza mbele ya wazee: "Mama, mutoto abakie na weye?"

Moyo ulimruka Mama Mwansa mpaka kooni. Akaukalia.

"Miye? Nilishazeeka, mwanangu. Nguvu ya kumulisha nitaitoa wapi? Mubebe tu."

Akainamisha kichwa, akangoja kusihiwa.

Bwalya alikuwa ameishi ugenini muda mrefu. Alishusha pumzi, akasema, "Aksanti, mama. Basi nitaenda naye." Mzee mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, maneno yakafungwa hapo. Nani angeyafungua tena mbele ya wazee bila kuonekana muongo?

Tracy alikuwa miguuni pa bibi yake, akichambua maharagwe kwenye sinia. Heri hakuelewa, Mama Mwansa alijiambia. Heri.

Kuanzia siku ile mtoto akawa anakata bukari, ule ugali wa kwetu, kipande kidogo kama cha kumpa kuku, anasukuma sahani. Mama Mwansa akampikia wali, akampikia ndizi. Kipande kilekile. Labda tumbo lake lilikuwa limeanza kukumbuka chakula cha kule.

Siku ya safari Mama Mwansa alipanda nao basi hadi Kasumbalesa, maana mgeni anasindikizwa mpaka pale miguu inaporuhusiwa. Abiria walishuka ili wavuke kwa miguu. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanachoka, wabadilisha pesa wanaita "Kwacha! Kwacha!", na mbele yao kizuizi cha chuma kilikuwa kimenyanyuliwa nusu.

Alimfunga mtoto vizuri kifungo cha juu cha sweta. Akacheka kidogo, vile alivyofundishwa.

"Teki kea, Tracy. Havu e naisi dei."

Akaachilia mkono.

Tracy alimtazama, akangoja, kama vile kuna neno moja lililobaki nyuma. Halafu alisema kwa sauti nyembamba, kwa Kingereza chake safi, sentensi moja.

"Anasema aksanti kwa kumupokea," Bwalya alitafsiri. "Anajua adabu, si ni vile?"

"Anajua, mwanangu."

Wakaondoka. Mama Mwansa alibaki na lile tabasamu usoni, zito kama ndoo ya maji kichwani, akiomba Mungu lisianguke kabla hawajavuka.

Chini ya kizuizi mtoto akasimama. Bwalya alimvuta, naye akachomoa mkono, akageuka. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya Annie kabisa, Kiswahili cha Kampemba, kila neno mahali pake:

"Kambo! Siko nakula mingi! Nilikuwa nataka nibakie na weye!"