Upande wa Kushoto wa Mgongo

Bong-suk alikuwa amemaliza upande wa kulia wa mgongo wa Bi Mal-sun, nongo zikidondoka kwenye kitanda cha kusugulia wateja wa bafu kama tambi za kijivu, alipoona damu kwenye glavu yake ya kusugulia.

Alisimamisha mkono. Chini ya bega la kushoto palikuwa na kinundu chekundu kinachong'aa, kidogo kama punje ya kunde. Alikigusa pembeni tu, kikavuja tena.

"Mbona umeacha?" alisema Bi Mal-sun, amelala kifudifudi. "Sugua, mama! Au leo hukula wali?"

"Bibi, hiki kimeota lini?"

"Wiki tatu tu. Kila nikivaa nguo kinatoa damu. Ni chunjua, kikwangue kitoke!"

Kwa miaka thelathini na tano Bong-suk alikuwa akingoja kumtia mkononi mwanamke huyu. Leo kaja mwenyewe kwenye bafu la wanawake, yuko uchi mbele yake, hamtambui kwa mvuke na kwa uzee, na anaomba kwa kinywa chake akwanguliwe. Kuvuta mara moja tu kungetosha.

"Mke wa kwanza wa mwanangu naye alikuwa hivi hivi," bibi aliendelea. "Mikono laini kama tofu! Hata sufuria hakujua kusugua. Akanizalia kasichana, nikawafukuza wote wawili kabla mtoto hajatimiza siku mia. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

Bong-suk alivua glavu, akanawa. Alikunja kitambaa safi, akakibana juu ya kinundu dakika kumi nzima bila kuchungulia. Damu ilipokata, akabandika plasta.

"Usikichokoe, wala usikifunge uzi. Kinundu kinachokua haraka hivi na kuvuja kwa kuguswa tu, daktari hukikata na kukipeleka kipimwe. Vipo vibaya vinavyofanana nacho. Panda ghorofa ya tatu sasa hivi, kwa daktari wa ngozi."

"Na mgongo nusu? Si atanicheka!"

"Hatakucheka. Atakutazama vizuri sana."

Bibi aliketi, machozi yamemlenga. "Mtu baki ananijali kuliko wanangu. Nimwambie huyo daktari nani kanituma?"

Bong-suk alimwaga ndoo ya maji kitandani, nongo zikaenda zake.

"Mwambie ni mama yake. Upande wa kushoto nitaumalizia kesho, mama mkwe."