Kichwa cha Dubu

Dubu alikuwa akiburuta mguu wa kushoto tena. Rhona alimwangalia akipanda ngazi za uwanja wa hoki ya barafu, akiwapungia watoto mkono, akijifanya anacheza. Wengine waliona ni mbwembwe tu. Rhona alimjua kwa mguu huo tangu mechi ya kwanza ya msimu, mwezi Desemba, na hakumwambia mtu.

Pale Larkfield Dubu, yule anayevaa vazi la dubu kuishangilia timu ya shule, hana jina. Tangu shule ilipojengwa, mtaa huu ukiwa bado mashamba ya viazi, kila Dubu anayemaliza masomo humchagua mrithi wake kwa siri na kumkabidhi lile vazi linalonuka jasho la watu ambao sasa ni mababu. Anayelivaa hasemi neno. Hata wazazi hawaambiwi. Anayejua ni mwalimu mkuu peke yake, mpaka mechi ya mwisho mwezi Machi, Dubu anapovua kichwa mbele ya watu wote, na shule nzima inapiga kelele hadi mabati yanatikisika.

Leo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho.

"Ni mwalimu wa hesabu huyo," msichana mmoja alisema nyuma, mdomo umejaa chipsi za jibini na mchuzi. "Cheki kitambi."

"Mwalimu wa hesabu apande ngazi zote hizo? Si tungeshaita gari la wagonjwa!"

Wakacheka. Kisha wakamwona Rhona, wakanyamaza.

Alishazoea. Tangu Oktoba, kila alipokaa, benchi lilibaki tupu huku na huku. Mtaa wetu una adabu zake: haumsemi mtu usoni, unahama tu benchi. Mama anayeuza kahawa dirishani alimpa kikombe bila kumtazama. Mtu utamwambia nini?

Darini ilining'inia jezi ya Emmett, nambari kumi na tisa. Rhona alikaa chini yake kabisa, mahali pekee ambapo hakulazimika kuiona. Kabla ya kila mechi uwanja mzima ulisimama kimya kwa ajili ya Emmett, na kila mara Rhona alibaki ameketi, macho kwenye viatu vyake, akihisi watu wakimwangalia.

Emmett alikufa barabara ya machimbo, jioni ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi Oktoba, ndani ya gari la rafiki yake Lachlan. Lachlan, aliyeshika usukani, alivunjika mguu tu. Polisi walisema barafu. Mtaa ulisema mwendo. Mtu aliandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye kabati la Lachlan shuleni, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kulifuta. Kijana akawa anasomea nyumbani. Wengi walidhani ameshapelekwa mbali, kwa babu yake.

Mwalimu mkuu Hrynchuk alikuja kuchuchumaa kando ya benchi, kofia mkononi.

"Rhona, afadhali uende nyumbani kabla ya filimbi ya mwisho."

"Mwambie asivue."

Hrynchuk alimsogelea zaidi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Anaburuta mguu."

"Naye anajua kwamba unajua?"

"Hajui. Mwambie asivue, tafadhali. Watu hawa watamrarua."

"Nimemsihi mpaka nimechoka," Hrynchuk alisema kwa sauti ya chini. "Hasikii. Anasema amechoka kujificha. Nenda, Rhona. Hupaswi kuyaona haya."

Rhona alitikisa kichwa.

Katika kipindi cha tatu, cha mwisho, Dubu alikuja, kama alivyofanya kila mechi, akakaa kwenye lile benchi tupu bila kujali macho ya watu. Aliweka mkono wake wa manyoya juu ya mkono wa Rhona, wakatazama mchezo. Hapo ndipo pekee, katika juma zima, Rhona aliweza kuvuta pumzi mpaka mwisho. Alimpenda Dubu yule. Hakuna neno jingine. Alitamani mechi iongezwe muda, iongezwe tena, majira ya baridi yasiishe.

Safari hii Rhona aliubana mkono wa manyoya kwa nguvu zake zote.

Filimbi ikalia. Dubu akajitoa taratibu, akashuka ngazi, mguu ukimfuata nyuma, hadi kwenye zulia lililotandikwa juu ya barafu.

"Vua! Vua! Vua!" uwanja uliimba. Watoto waligonga mabenchi. Hrynchuk aliinamisha uso.

Dubu akashika kichwa kwa mikono miwili, akakivua, akakiacha kianguke.

Kelele zikakatika. Alisimama pale Lachlan, amekonda, nywele zimelowa jasho.

"Muuaji!" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka juu. Kikombe cha kahawa kikaruka, kikapasuka miguuni mwa kijana. Mwingine akaanza kuzomea, na wengi wakamfuata.

Lachlan hakuwageukia. Alikuwa akimtazama Rhona peke yake, ambaye alishaanza kushuka, akiwasukuma watu kwa viwiko, mpaka akasimama mbele yake juu ya zulia.

"Mama Emmett," Lachlan alisema. "Ni mimi. Siku zote nilikuwa mimi."

Rhona aliinama, akaokota kichwa cha Dubu, akamvika tena taratibu mpaka uso ukapotea.

"Uso wako bado siwezi kuutazama," akamwambia, akamkumbatia.