Sauti ya Nne

Siku ya kumkumbuka Melkiori, wapigaji muziki wenzake watatu waliketi kanisani wakakiacha kiti cha nne na zeze lake kubwa tu.

Mkewe, Gaudensia, hakuwahi kuwasikia wakipiga pamoja. Alichokijua ni mazoezi ya mumewe nyumbani: mapigo machache, kisha kimya kirefu.

"Baba Eufemia, wimbo gani huu wa kusimamasimama?" alizoea kumtania.

"Nawasubiri wenzangu," Melkiori alikuwa akijibu, huku akicheka.

Kinanda kikaanza. Gaudensia akashtuka: ulikuwa wimbo uleule wa nyumbani kwake! Kabla haujaisha, filimbi ikaudaka na kuupandisha juu. Fidla nayo ikaingia. Wimbo mmoja, vinywa vitatu, vikifukuzana bila kugongana. Kumbe ule ukimya wote wa nyumbani ulikuwa umejaa watu.

Ikafika zamu ya zeze. Wapigaji wakashusha sauti, wakaacha nafasi. Kanisa zima likakitazama kile kiti.

Gaudensia alisimama, akauimba wimbo wa mumewe tangu mwanzo. Alipofika pale Melkiori alipozoea kusimama, alinyamaza, akafumba macho, akawasubiri wenzake.