Kioo cha Jicho

Daktari alipoanza kufungua bandeji ya Maximilla, mama yake alisahau hata sala.

Kisa ni kile kioo kidogo cha kuvaa juu ya mboni, alichokuja nacho Maximilla kutoka masomoni Ulaya. Kila kilipokauka, alikilamba na kukirudisha jichoni.

“Mate ni ya kulowanishia uzi, si jicho!” mama alimwonya. Binti akacheka, hadi jicho likaota kidonda.

Bandeji ilipotoka, daktari akaliziba kwa kiganja jicho lisilougua. Lile bovu likafunguka taratibu, jekundu, likichuruzika machozi.

“Unaona nini, mwanangu?” mama akauliza.

Maximilla akalikaza jicho.

“Mawe!” Maximilla akapiga kelele, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. “Nani kakuruhusu kuvaa kitenge changu kipya?”

Vigelegele vya mama vilisikika hadi sokoni Kibondo.