Maduara ya Chaki

Siku Baba alipofariki, Peugeot yake kuukuu ilikuwa juu ya matofali uani, Gitothua, na chini ya sakafu yake alikuwa amechora maduara kumi na moja ya chaki.

"Kutu hiyo yote," Mama alisema, akidhani kila duara linaonyesha palipooza. "Acha gari liuzwe kama vyuma chakavu, Wamaitha."

Mnunuzi alipofika kutoka Juja, Wamaitha alikuwa amelala chali chini ya gari, akiliaga. Aligonga duara moja kwa mpini wa bisibisi, kama Baba alivyomfunza: bati lililooza hutoa sauti ya kiazi, zima hulia kama sufuria.

Lililia. Akapapasa ndani ya chaki, kidole kikapita juu ya kiraka kipya. Akagonga mengine kumi. Yote yalilia.

"Mami, alikuwa akiweka alama pale alipomaliza kuziba."

Mama alipiga magoti, akaingiza kichwa. "Gonga tena nisikie."

"Mathe, tunapakia ama?" mnunuzi aliuliza.

"Enda salama, ndugu yangu," Mama alijibu kutoka chini ya gari.

Limebaki tobo moja lisilo na duara, chini ya kiti cha dereva. Jumamosi linachomelewa, kisha sakafu yote inapakwa lami ya kuzuia kutu.