Ukuta Mweupe wa Saumu

Eda ya Bi Nargisi ilikwisha zamani, lakini hakuwa ameivua nguo nyeupe wala kuigusa kanga mpya aliyoletewa na mwanawe. Asubuhi hiyo mjukuu wake, Saumu, aliweka kioo ndani ya beseni la maji uani, akakielekeza juani.

"Ukuta umejaa moshi wa jiko, rangi za upinde wa mvua hazionekani. Bibi, hebu njoo usimame hapa!"

"Mimi ndiye ukuta wako leo?"

"Kitu cheupe hapa ni wewe tu. Usitikisike!"

Nyekundu, manjano, kijani na zambarau zikamtua kifuani. Bi Nargisi akazitazama zilivyoingia bila hodi.

"Nizitoe, Bibi?"

"Thubutu!" akasema, akatanua mikono, rangi zipate nafasi.