Tuta la Bi Tumu

"Haki ya Mungu, fundi, sitii chumvi hata chembe," aliapa Mzee Ngwatu, mtunza stoo mstaafu. "Gari langu la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lina jini. Likifika tu kwenye tuta la barabarani mbele ya nyumba ya Bi Tumu, linazimika lenyewe. Lisipozimika leo, namposa Bi Tumu leo hii!"

Fundi Mkejina akaangua kicheko. Mtaa mzima ulijua kwamba gari likigoma pale, Bi Tumu, aliyekuwa mjane, humtolea mzee kiti na kahawa, naye hunywa, husifia kahawa, kisha huondoka bila kusema la maana.

Fundi hakufungua hata boneti. Aliwasha gari, akalitikisa furushi la funguo lililoning'inia kwenye swichi, funguo za stoo zote alizowahi kutunza mzee. Injini ikakata.

"Jini lako hili hapa. Uzito umelegeza swichi. Gari likiruka tu, umeme unakatika."

Akazichomoa zote, akamtilia mzee mfukoni, akabakiza ufunguo wa gari tu. "Haya, twende."

Mzee aliendesha huku akiliombea gari lizimike. Likapanda tuta, likashuka, likaendelea kunguruma. Bi Tumu, aliyekwisha kutoka na kiti, akabaki amekikumbatia barazani, akilitazama likipita.

"Umepatikana, mzee," alisema fundi kando yake. "Uliapa mwenyewe."

Mzee Ngwatu akalirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni kwa Bi Tumu. Kwa mara ya kwanza mahali pale, alilizima gari kwa mkono wake. Akashuka, funguo za zamani zikilia mfukoni, na Bi Tumu akakitua kiti taratibu.